Nyumba inayoweza kubaki peke yake

Maneno yaliyosemwa na watu wa shirika mbele ya memba wa muungano, Kasugho. Yameandikwa hapa kwa ajili ya memba ambao hawakufika na kwa ajili ya wafadhili wetu.



Mulituomba tuseme juu ya kutengeneza nyumba kwa mikono yenu wenyewe, bila kungoja fundi wa kutoka Butembo. Tutasema. Lakini kwanza tuchukue swali ambalo tunaulizwa karibu kila mahali tunapopita, na ambalo wengi wenu munalisema kwa sauti ndogo: "Tutengeneze nyumba ya nini, na kesho tunaweza kukimbia tena?"

Swali hili si la kuchekwa. Mtu aliyekimbia mara mbili, mara tatu, na kila akirudi anakuta mlango hakuna, sahani hakuna, mbuzi hakuna, huyo amejifunza kuhesabu jasho lake. Na sisi hatuwezi kuwaahidi kwamba hamutakimbia tena. Hakuna shirika linaloweza kuahidi neno hilo.

Kwa hiyo hatutawaambia "jengeni, vita vimekwisha". Tunawaambia neno lingine: tengenezeni nyumba kwa namna ambayo, hata mukiondoka miezi mitatu au sita, itakuwa imesimama siku ya kurudi. Hiyo inawezekana, na kwa sehemu kubwa haiombi pesa nyingi. Inaomba tujue ni kitu gani kinaua nyumba, na tuanze na kitu hicho.

Nini iliua nyumba zetu

Ukiuliza, kila mtu atajibu: vita. Na ni kweli, ziko nyumba zilizochomwa, ziko zilizovunjwa mlango na kung'olewa mabati. Hizo tunazijua, na wenye nyumba wanajua. Lakini tukipita pamoja nanyi nyumba kwa nyumba, tunakuta nyingine ambazo hakuna mtu aliyezigusa. Mabati yako juu, mlango uko, lakini ukuta wa nyuma umelala chini na nguzo zinavunjika kwa mkono kama muhogo mkavu. Hizo hazikuuawa na mtu. Ziliuawa na maji na mchwa, kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

Tuangalie kazi ambayo mwenye nyumba anafanya kila siku bila kuiita kazi. Mama anawasha moto, na moshi unapanda katika fito na nyasi za jikoni. Moshi ule unafukuza wadudu na kukausha miti. Asubuhi mtu anafagia uwanja, majani hayafiki kwenye ukuta. Mvua ikinyesha, mtoto anatumwa na jembe kufungua mtaro ulioziba. Bati likipiga kelele usiku, baba anapanda kesho yake na nyundo. Njia ya mchwa ikionekana ukutani, mtu anaivunja kwa fimbo. Mukiondoka, kazi hizi zote zinasimama siku moja. Na mvua ya huku kwetu hamuihitaji tuwaelezee: ukiondoa Januari na Februari, kisha Juni na Julai, mwaka unaobaki ni wa maji.

Kwa hiyo, kutengeneza nyumba kwa mtu wa Kasugho leo ni kuipa nyumba uwezo wa kufanya yenyewe zile kazi ndogo tulizokuwa tunaifanyia. Mtaro mpana ambao hauzibi haraka. Bati ambalo halisogei. Nguzo ambayo mguu wake haugusi udongo.

Kuna methali ambayo wote tunaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli, lakini mtu akiishika peke yake inampoteza. Anaziba ufa kila mwaka, na kila mwaka ufa unafunguka pale pale, kwa sababu maji bado yanakula ukuta kwa chini. Kabla ya kuziba ufa, uliza maji yanatoka wapi.

Kabla ya jembe, macho

Uwanja uliokaa bila watu umeota majani marefu. Kabla ya kufyeka na kuchimba, tembea pole pole, watoto wabaki mbali. Ukiona chuma usichokijua, hata kidogo kama boga changa, hata kama kimeshika kutu, usikiguse, usikitupe shimoni, usikichome pamoja na majani. Weka alama ya vijiti mbali nacho, rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie chefu. Yeye anajua njia ya kufikisha habari kwa wale wenye kazi hiyo. Nyumba inaweza kungoja wiki moja.

Kazi ya kwanza: mtaro

Kazi hii haina pesa ndani yake, na ndiyo inayookoa kuta nyingi kuliko zote. Nyumba nyingi za huku zimekatwa katika mteremko. Upande wa mlima ndio upande wa hatari: maji yanashuka, yanagonga ukuta wa nyuma, yanakaa pale. Ukiona ukuta wa nyuma una alama ya unyevu kufika magotini, umeshajua ugonjwa.

Chimba mtaro mahali maji ya paa yanapoangukia au mbele yake kidogo, usiwe karibu kabisa na ukuta. Upana wa sentimita 30 na kina cha 30 unatosha kwa nyumba ndogo. Upande wa mlima ongeza. Kila mita moja, mtaro ushuke sentimita mbili au tatu, maji yasilale. Kama hamuna nivo ya fundi, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mujaze maji. Pande mbili za maji zitakuwa sawa siku zote, hata fundi wa Butembo anapima hivyo.

Ukingo wa mlima usiachwe wazi. Pandeni majani ya kushika udongo, matete kwa mfano, ambayo mbuzi pia wanakula. Na mtaro usimwagie maji katika uwanja wa jirani. Tumeona ugomvi mwingi unaoanza na mtaro, na ugomvi wa mtaro haukawii kuwa ugomvi wa mpaka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini huku kwetu wengi tunashika uwanja kwa desturi, mbele ya chefu. Basi mukichimba mtaro kwenye mpaka, jirani awepo, na mzee mmoja awepo. Siku ya kurudi kutoka ukimbizini, ushahidi wao utakuwa na kazi.

Kazi ya pili: paa

Bati moja lililolegea linaharibu nyumba nzima likiachwa msimu mmoja. Tuanze na lile ambalo liko tayari juu.

Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde. Katika bonde ndimo maji yanapita, na kila tundu la bonde ni bomba linaloingia nyumbani. Chini ya kofia ya msumari weka kipande cha mpira. Musinunue: mafundi wa pikipiki wanatupa mipira ya ndani ya magurudumu kila siku. Kata vipande vya duara, vidogo kama kifuniko cha chupa, vinatosha. Matundu ya zamani yazibwe kwa kipande cha mpira huo na lami.

Bati na bati lililo kando yake yalaliane mgongo mmoja na nusu, au miwili. Bati la juu lilalie la chini sentimita 20. Fito zinazobeba mabati zisipitane zaidi ya mita moja. Paa lisilale sana: kwa kila mita moja ya kwenda, lipande sentimita 30 hivi. Na paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 kama mabati yanatosha. Tunajua mtu anapenda chumba kikubwa na paa fupi. Lakini ukuta wa udongo unaomwagiwa mvua usoni hauishi. Ni afadhali chumba kipungue hatua moja.

Kuna jambo la kununua tunataka mulijue. Mabati ya soko yana namba: BG 28, BG 30, BG 32. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. BG 32 ni jepesi mfukoni, lakini upepo unalikunja na misumari inalirarua. Kama pesa ni ndogo, mabati machache mazito juu ya chumba kimoja yanashinda mabati mengi mepesi juu ya vyumba vitatu. Chumba cha pili kitakuja.

Mwisho wa paa: waya. Funga kila mti wa paa kwenye nguzo kwa waya, usiamini msumari peke yake. Upepo wa mwanzo wa mvua unainua paa kutoka chini, na nyumba isiyo na mtu ndani haina wa kusikia paa likianza kupiga.

Kazi ya tatu: mguu wa nguzo

Gonga kila nguzo kwa nyuma ya panga, karibu na chini. Ikilia vizuri, iache. Ikilia kama ngoma iliyopasuka, mchwa wako ndani.

Usikate nguzo mbili kwa siku moja. Kwanza simamisha mti wa muda unaobeba paa. Kisha kata sehemu iliyooza tu, kwa sababu mara nyingi juu ni nzima, na uweke jiwe pana chini, nguzo isimame juu ya jiwe. Kama lazima mti uingie udongoni, ondoa magamba yake yote, uukaushe, kisha uchome sehemu ya chini hadi ngozi ya nje iwe makaa, pamoja na kipande kitakachotokea juu ya udongo. Wengine wanapaka mafuta machafu yaliyotoka kwenye moteri. Yanasaidia, lakini yasimwagwe karibu na chemchemi, na mikono ivae plastiki.

Miti itoke wapi? Hapa Kasugho swali hili ni zito kuliko mahali pengine. Msitu wa Tayna tumeulinda sisi wenyewe, na Serikali iliutambua kuwa hifadhi mwaka 2006. Vijana wetu wamesoma uhifadhi hapa hapa, katika chuo kikuu chetu. Si vizuri kurudi nyumbani tukajenga kwa kula kile tulichokilinda. Mikaratusi na grevilea ya mashamba inatosha kwa nguzo na fito, tukitumia mti uliokaushwa na kutibiwa, kwani mkaratusi mbichi ukipandwa udongoni mchwa hawaungoji mwaka. Mti mmoja uliotunzwa unaokoa mitatu ya kubadilisha.

Kisha ukuta

Sasa ndipo tunafika kwenye ufa. Udongo wa kukandika usitoke juu, ule mweusi wa shamba. Chimba chini yake. Uupime hivi: jaza nusu ya chupa kwa udongo, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utakaa chini, ule laini unaonata utakaa juu. Kama karibu chupa yote ni laini, ukuta utapasuka ukikauka, ongeza mchanga. Kama karibu yote ni mchanga, utamomonyoka kama unga. Tafuta udongo mwingine. Kisha kandika kipande kidogo ukutani, ungoje siku chache uone. Jaribio dogo namna hii linaokoa kazi ya mwezi.

Potopoto ikanyagwe na miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, ilale siku kadhaa, ikanyagwe tena. Mwenye mavi ya ng'ombe aongeze. Ufa upanuliwe kwanza kwa kisu, usafishwe, ulowanishwe vizuri, kisha ujazwe kidogo kidogo. Udongo mpya juu ya ukuta mkavu hauwezi kushika.

Na sasa tuseme neno ambalo halitafurahisha wote. Wengi wakipata mfuko mmoja wa simenti wanapaka mbele ya nyumba ya udongo, nyumba ionekane kama ya Butembo. Inapendeza mwaka mmoja. Lakini simenti ni ngumu, udongo ni laini. Udongo ukivimba na kusinyaa, simenti haiufuati. Inaachana na ukuta, maji yanaingia katikati na hayana njia ya kutoka, na siku moja ngozi yote inaanguka na kipande cha ukuta. Kama muko na mfuko mmoja, uwekeni chini, kwenye mawe ya msingi, mahali matone yanaporukia. Mbele ya nyumba pakeni udongo mzuri, laini, na mupake tena kila mwaka.

Mlango na dirisha vinakuja mwisho. Mlango wa bawaba za pini unaweza kuinuliwa na kutolewa, ukawekwa kwa ndugu. Watu wa Goma wanajua akili hiyo: baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, nyumba nyingi zilizosimamishwa zilikuwa za mbao na mabati, vitu ambavyo mtu anaweza kuvifungua na kuvibeba akipata kiwanja kingine.

Nani atafanya

Hapa ndipo komite iko na neno gumu mezani: mabati yakifika, yagawanywe namna gani? Tumesikia wengi wakisema, sawa kwa sawa, kila memba idadi moja, ili pasiwe na manung'uniko. Tunaelewa. Watu waliopanga foleni ya kugawiwa miaka mingi wanaogopa kusahauliwa.

Lakini tuone linalotokea. Mama mjane anapewa mabati kumi. Nguzo zake zimeoza, hana mtoto mkubwa, hana ngazi, hana misumari. Mabati yanakaa yameegemea ukuta. Wiki ya tatu anayauza apate chakula, na watu wanasema, ona, huyu amechezea msaada. Hakuchezea. Alipewa kitu ambacho peke yake hawezi kukipandisha juu. Na jirani yake, mwenye vijana wanne na paa zima, amepewa mabati kumi yale yale.

Sisi tunapendekeza mambo matatu, na muyajadili bila kutuonea haya.

La kwanza: kabla ya kugawa chochote, watu wa kila avenue wapite nyumba kwa nyumba, waandike kila nyumba inakosa nini. Mmoja anakosa mabati, mwingine misumari, mwingine mikono tu. Orodha isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, mwenye neno aseme pale pale.

La pili: sehemu ya pesa inunue sanduku la vyombo la kila avenue: nyundo, msumeno, mwiko, chepe, kamba, mpira wa kupimia, ngazi moja. Liwe na mtu anayelitunza na kitabu cha kuandika nani amechukua. Mwenye vyombo anatengeneza nyumba yake. Asiye navyo anangoja mfadhili.

La tatu: siku za mikono. Tuko na salongo tayari, tunaijua tangu utoto. Siku moja katika wiki, salongo iende kwa wale wasio na nguvu: wajane, wazee, wagonjwa. Asiyeweza kubeba mti alete maharagwe, aliye na punda wa chuma alete maji kwa bidoni. Na hapo hapo majirani wapatane: tukikimbia, yeyote atakayetangulia kurudi, au atakayeweza kufika hata siku moja, afungue mitaro ya avenue nzima, avunje njia za mchwa, aangalie mabati. Dakika chache kwa kila nyumba. Hilo likiandikwa katika kitabu cha muungano, hakuna nyumba itakayokuwa peke yake kabisa.

Kwenu wafadhili

Rafiki zetu, munapotuandikia, munauliza: nyumba ngapi? Tutawajibu, ni haki yenu. Munatumia pia kipimo cha Sphere, mita mraba 3.5 za mahali palipofunikwa kwa kila mtu, nacho ni kipimo kizuri. Tunaomba muongeze swali moja: baada ya msimu wa mvua, ni ngapi bado ni kavu ndani? Swali hilo litabadilisha hata orodha ya manunuzi. Misumari yenye kofia, waya, lami, misumeno na ngazi havipigwi picha nzuri kama mabati yanayong'aa, na ndivyo vinavyoyashika mabati yenu yasiende na upepo. Na kama pesa zinaweza kufika kabla ya Juni, tafadhali zifike kabla ya Juni. Udongo unakauka Juni na Julai. Pesa za Oktoba zinajenga katika mvua.

Kwenu memba: hatukujibu kama mutakimbia tena au hapana. Tulichosema ni kwamba nyumba yenye mtaro, paa lililofungwa na nguzo juu ya mawe, ukiiacha, unaiacha na nguvu. Aliyekaa Butembo katika chumba cha kupanga, au chini ya shitingi, anajua tofauti ya kurudi kwenye kuta zilizosimama na kurudi kwenye majani.

Komite imekubali kuanza Jumamosi hii na mitaro, avenue ya juu kwanza, kwa sababu maji ya juu ndiyo yanayoshukia wa chini. Leteni majembe. Orodha ya nyumba itaanza kuandikwa siku hiyo hiyo.